Chupa za Rafu ya Chini

Mama Pazia alikuwa na ugomvi na rafu ya juu. Si ya duka moja tu. Alizichukia rafu zote za juu katika kila duka la vinywaji alilowahi kukanyaga, pale zinapopangwa chupa zenye lebo za dhahabu na kumulikwa taa kama mikufu ya bibi harusi. Yeye alikuwa mtu wa rafu ya chini. Alipiga goti kabisa, mkoba begani, miwani ya kushonea ikining'inia puani, akazisoma chupa moja baada ya nyingine, na mteja aliyetaka kupita hapo alipopiga goti alijijua mwenyewe atapitia wapi.

Kilichomuudhi si bei peke yake, ingawa bei nayo ilimuudhi. Kilichomkera hasa ni ile dhana kwamba mtu anayetaka mvinyo wa kunywa na maharage, nyumbani kwake, ndala miguuni, hastahili mvinyo mzuri. Nani alipitisha sheria hiyo, na maharage yana kosa gani? Muuzaji wa duka la jirani na karakana yake, bwana mmoja wa makamo aliyevaa miwani juu ya kichwa siku zote na machoni kamwe, aliwahi kumwambia kwamba chupa za chini ni za kupikia. Alisema hivyo huku akipangusa kaunta, bila hata kumtazama. Mama Pazia alimpa vidonge vyake pale pale, mbele ya wateja: kama ni za kupikia, basi aziuze kwenye madebe pamoja na mafuta ya taa, asiwadanganye watu kwa kuzitia kizibo. Tangu siku hiyo alimwita Miwani, naye Miwani kila akimwona anaingia alikumbuka ghafla kwamba ana kazi stoo.

Jina lake mwenyewe la Mama Pazia lilitokana na kazi. Alishona mapazia ya ofisi, ya vyumba vya kusubiria, ya majukwaa ya shule, na yale marefu ya kutenganisha vitanda hospitalini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, majora ya vitambaa yamesimamishwa kwenye kona, na pasi ambayo mtu asingeigusa bila ruhusa. Siku nzima alipindisha, akapiga pasi, akabishana na makatibu wa ofisi waliopima madirisha kwa macho. Ikifika Jumapili hakutaka kuona sindano. Alitaka kukaa mezani na mumewe.

Mumewe alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda. Siku za kazi alilisha kiwanda kizima, akarudi nyumbani amechoka na moshi, hataki hata kusikia neno sufuria. Jumapili ndiyo iliyokuwa yao. Binti yao alishaolewa mbali, nyumba ilikuwa kimya, na mchana huo wawili hao walipika pamoja, wakafungua chupa moja, wakala polepole na kupiga soga mpaka jua likahama kutoka meza ya chakula kwenda kwenye kabati. Huyo bwana alikuwa na mdomo! Angeweza kuusimulia mchuzi mmoja ulioungua hadi ukauonea huruma.

Walikuwa na kanuni yao kuhusu hiyo chupa, na kanuni ilitokana na makosa. Mwanzoni mwa ndoa, bwana alileta nyumbani mvinyo mtamu wa kukera, mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Bibi kwa heshima ya ugeni akausifu. Bwana akafurahi, akaendelea kuuleta. Waliunywa mwaka mzima, kila mmoja akidhani anamfurahisha mwenzake, mpaka siku bibi uvumilivu ulipomwishia akaumwaga kwenye sinki. Walicheka hadi wakakaa chini sakafuni. Baada ya hapo wakakubaliana: asiyenunua ndiye anayesema kwanza, na aliyenunua afunge mdomo na uso wake vilevile, asitoe hata dalili.

Kwa namna hiyo walijifunza. Hakuna aliyewafundisha. Walijua kwamba chupa iliyokaa juani dirishani mwa duka haina maana hata ikitolewa bure, na kwamba kifuniko cha kuzungusha si aibu hata kidogo. Mvinyo mwekundu mwepesi waliuweka kwenye friji wakati samaki wanakaangwa, na mtu aliyesema mwekundu haupoozwi walimwacha na joto lake. Mabaki ya glasi hayakumwagwa. Bwana, kwa tabia ya jikoni, aliyatia kwenye chupa yoyote tupu iliyokuwa karibu, akaongezea kitunguu saumu kilichopondwa na matone ya mchuzi uliobaki, akaiweka mlangoni mwa friji kwa mapishi ya baadaye. Wakati mwingine ilikaa humo mpaka ikawa siki, na siki nayo ilikuwa na kazi yake.

Kisha bwana akaugua. Ilikuwa homa ya mafua, ile mbaya, iliyomlaza akawa hajui asubuhi wala jioni. Alipona, akarudi kazini, lakini mezani hakurudi. Mwili uliketi pale, mkono ulipeleka kijiko mdomoni, ila mwenyewe hakuwapo. Alikula kama mtu anayetimiza agizo la ofisi. Soga zilikauka. Alikonda mpaka mke akampunguzia suruali kiunoni, kisha akazipunguza tena, na kila alipopitisha uzi aliona anashona hasira. Daktari alisema hamu ya kula itarudi yenyewe. Mama Pazia alitoka kwenye chumba hicho amevimba. Itarudi yenyewe kwani ni paka?

Hapo ndipo alipoifanya chupa ya Jumapili kuwa kazi yake. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: mumewe arudi mezani, afungue mdomo, aongee. Aliona kwamba akipata mvinyo wa kumwamsha ulimi, na wa bei wanayoiweza ili asiusubiri mpaka sikukuu, mtu wake atamrudia. Kwa hiyo alipiga magoti kwenye maduka ya mitaa mitatu. Alibishana, alirudisha chupa, alisonya. Alirudi nyumbani ametota jasho na kumsimulia mumewe vita vyote, nani alimwambia nini na yeye alimjibuje.

Na kweli, ilionekana kama inasaidia. Mume alimwomba jambo moja tu. Alisema ulimi wake bado una uchungu wa dawa, kwa hiyo mke awe ndiye anayeanza kusema, hata kama ndiye aliyenunua. Mke akakubali, mgonjwa hakataliwi. Akawa anaonja, anasema, naye bwana anamtazama, anaonja, anaitikia kwa kichwa na kuongezea. Huu una uchachu wa mbali. Huu umekaa vizuri na viazi. Ule mwekundu wa lebo yenye mwanamke aliyebeba ngazi, ambao Mama Pazia aliufukua nyuma kabisa ya rafu ya chini kwa Miwani, bwana alisema ndio wenyewe, hawana haja ya kutafuta tena. Mke alikaribia kulia kwa furaha. Lakini baada ya maneno hayo bwana alirudia sahani yake na ukimya wake, na suruali zikaendelea kumpwaya.

Sasa kulikuwa na shemeji. Mdogo wake bwana alikuwa ofisa utawala katika kiwanda kile kile, na kantini ilikuwa chini yake, maana yake kaka mtu alipika na mdogo mtu alitia saini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mmoja wa wale wanaoamini kwamba kitu kisipouma mfukoni hakiwezi kuwa kizuri. Tangu kaka yake augue alikuwa akija na chupa za rafu ya juu ndani ya mifuko ya zawadi, na kibandiko cha bei hakukibandua hata siku moja, eti alisahau. Alisema kaka anahitaji kitu cha hadhi. Moja ya chupa hizo ilikuwa na ladha ya ubao uliolowa. Mama Pazia aliposhindwa kuzuia midomo isijikunje, mumewe naye akasema mzito mno, na mke siku hiyo alilala na ushindi.

Jumapili ya balaa, shemeji alikuwa amealikwa rasmi. Mama Pazia alitaka kumaliza ubishi. Angemwekea kuku wa kuoka na viazi, angempa ule mvinyo wa mwanamke na ngazi, na angemwacha auseme mwenyewe. Alikuwa ameutangaza kwa wiki nzima. Bahati mbaya asubuhi ile aliamka na mafua, pua imeziba kama imetiwa pamba, koo linawasha. Hakutaka kuahirisha. Alipika kwa mazoea, akapanga meza, na bwana akaenda jikoni kuleta chupa. Alirudi nayo ikiwa imeshafunguliwa, akamimina glasi tatu.

Mama Pazia alikunywa. Alisikia baridi, kisha kitu kikamchoma kooni, akajua ni lile koo lake bovu. Shemeji alikuwa anamtazama. Basi akatabasamu, tabasamu pana la mtu aliyeshinda kesi, na bwana alipoliona tabasamu lile akanywa yake, akaweka glasi mezani na kusema kwa sauti kwamba huu sasa ni mzuri kuliko yote waliyowahi kununua.

Shemeji alionja, akatema kwenye leso.

"Shemeji, hii ni siki," alisema. "Kaka amefanya kazi maisha yake yote, halafu Jumapili unamnywesha siki. Na bado tunajiuliza kwa nini anakonda."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pazia mahali ambapo hakuwa na kinga. Angeweza kuvumilia kuitwa bahili. Hata kuambiwa hajui mvinyo angejibu. Lakini kwamba yeye ndiye anayemkondesha mumewe, yeye aliyepiga magoti kwenye sakafu za maduka kwa ajili yake! Alimgeukia bwana, akingoja aseme neno. Kwani si amesema sasa hivi kwamba ni mzuri? Bwana alikuwa anatazama viazi vyake. Shemeji akaaga mapema kwa adabu ya kuumiza, akaacha mfuko wake wa zawadi juu ya kabati, na kibandiko cha bei kikiwa kimetazama chumbani.

Jumatatu karakana haikufunguliwa kwa wakati. Mama Pazia alifunga shingo kwa skafu, akaichukua ile chupa iliyobaki nusu, akaenda nayo dukani kwa Miwani akiwa amejaa mpaka pomoni. Alimwambia kwamba amemuuzia siki, kwamba amemvunjia heshima mbele ya wakwe, na kwamba leo hakuna cha stoo, atasimama hapo hapo wamalizane. Watu waliokuwa kwenye foleni waliacha kuulizana bei.

Miwani aliichukua chupa, akaifungua, akainusa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa machoni, akamtazama vizuri.

"Mama," alisema taratibu, "hii ina kitunguu saumu. Na kama sikosei, ina mchuzi."

Foleni iliangua kicheko. Mama Pazia alisimama pale na uso unamwaka moto. Kichwani alikuwa ameshaiona friji yake, na mlango wa friji, na chupa ya mabaki. Aliipokonya ile chupa na kutoka. Miwani alimwita kwa nyuma kwamba kifuniko amekisahau. Hakugeuka.

Nyumbani alifungua friji. Nyuma ya jagi la maji, chupa ya mwanamke na ngazi ilikuwa imelala kama alivyoilaza mwenyewe, nzima, kifuniko hakijaguswa. Kumbe mabaki yalitiwa kwenye chupa tupu ya lebo ile ile, na bwana alipoenda kuleta mvinyo alishika ya mlangoni. Hilo lingeweza kumpata yeyote. Mama Pazia alivuta kigoda, akaketi katikati ya jiko, mlango wa friji ukiwa wazi na baridi ikimpiga magotini.

Maana kulikuwa na lililobaki. Yeye alikuwa na mafua. Mumewe je? Mumewe alikuwa mtu wa kusimama mlangoni na kumwambia kwamba jirani wa pili ameunguza kitunguu. Alikuwa mtu wa kunusa maziwa yakiwa bado kwenye pakiti. Mtu kama huyo ameishika ile chupa mkononi, ameimimina, ameinywa, na akasema ni mzuri kuliko yote. Akakumbuka "anza wewe, ulimi wangu una uchungu." Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimtazama usoni kila Jumapili kabla ya kusema chochote. Alikuwa amedhani ni mapenzi.

Bwana alirudi jua likiwa bado ukutani. Hakukaribishwa wala kupewa pole ya kazi. Mkewe alimwekea glasi mezani, akamwambia anuse.

Akanusa. Kisha, kama kawaida yake, akainua macho kumtazama mkewe usoni. Lakini Mama Pazia alikuwa ameshageuka. Alikuwa ametazama ukuta.

"Niambie ni nini," alisema akiwa amempa mgongo.

Nyuma yake alisikia glasi ikiwekwa chini polepole.

"Sijui," bwana alisema. "Tangu nilipougua sinusi kitu. Sijui kama hii ni waini, au chai, au maji ya vyombo."

Maneno yalimtoka mengi baada ya hapo, pengine mengi kuliko ya mwaka ule wote. Alisema chakula mdomoni ni kama kutafuna kitambaa. Alijua chumvi, alijua uchungu, moto na baridi, basi. Alingoja kwa wiki, kisha kwa miezi, akidhani itarudi. Kazini alipika kwa mazoea na kwa kumuuliza msaidizi wake, mama mmoja mtu mzima, kila siku kwa kisingizio kipya. Mdogo wake akijua, kazi imekwisha, kwani nani ataweka jiko la kiwanda mikononi mwa mpishi asiye na pua?

Mama Pazia alimsikiliza mpaka mwisho, na huruma ilimjia, hilo halina ubishi. Lakini hasira ilikuwa imetangulia mlangoni na haikupisha.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa muda wote huu," alisema. "Mimi natambaa kwenye maduka kama mtoto, wewe unasoma uso wangu na kunirudishia maneno yangu mwenyewe. Hilo naweza kulimeza. Lakini jana mdogo wako alinitukana kwenye meza yangu, na wewe ulijua. Hukujua ni siki, lakini ulijua aliyesema ni mzuri ni nani. Ukakaa kimya."

"Ningesema pale, kazi ingekwisha pale pale."

"Kwa hiyo ukaona bora niishe mimi."

Mke hakungoja jibu. Alivuka ukumbi, akaingia kwenye chumba kidogo alimoweka cherehani ya nyumbani, akavuta pazia la hospitali lililokuwa limebaki upindo, akalishona kama anayemchapa mtu. Aliwaza maneno mengine makali zaidi na kujuta hakuyasema. Alijichukia kwa kumhurumia. Alijiona mjinga kwa Jumapili zote zile alizomuuliza mvinyo ukoje, akaandika ushindi kichwani, kumbe yule mtu aliyekaa mbele yake alikuwa amefungiwa nje ya dunia na hakumwambia. Kwa nini hakumwambia? Nani mwingine alikuwa wa kuambiwa?

Katikati ya mshono alisikia sauti ya mumewe ukumbini. Aliondoa mguu kwenye kanyagio.

Alikuwa kwenye simu. Alimwambia mdogo wake kwamba jana alimtukana mtu asiye na kosa. Chupa aliileta yeye, alimimina yeye, na aliyesema nzuri ni yeye, kwa sababu pua yake imekufa tangu homa ile. Alisema pia kwamba mke wake alijua leo tu. Kisha akanyamaza na kusikiliza. Akasema, "Kwa mazoea." Akasikiliza tena. Akasema, "Ndiyo, naelewa. Kesho asubuhi." Alipomaliza aliiweka simu juu ya kabati, kando ya ule mfuko wa zawadi, akabaki amesimama na mikono haijui iende wapi.

Mama Pazia alijitokeza mlangoni akauliza kama shemeji ameomba radhi. Bwana akasema hakuomba, alikuwa na mengi ya kuuliza. Hapo mke akapata pa kuishushia hasira yake, na kusema kweli aliihitaji. Alisema kesho hawendi watu wawili kuzungumza juu ya mtu mmoja. Watakwenda watatu, na yeye ndiye wa tatu.

Ofisi ya shemeji ilikuwa na kiyoyozi na mapazia aliyoyashona mwenyewe. Aliyatambua kwa pindo. Aliketi chini yake akiwa amejiandaa kwa vita. Shemeji alimwomba radhi kwa ya Jumapili, akamwambia asingesema vile kama angejua. Mama Pazia akajibu kwamba amesikia, naye hakutamka kwamba amesamehe. Kisha shemeji akazungumza kiofisi. Alitaja usalama wa wafanyakazi. Alisema si yeye, ni utaratibu. Mpishi asiyenusa hawezi kuachiwa majiko, kwa hiyo kaka atahamia stoo ya mboga, na msaidizi atashika usukani wa jiko.

Mama Pazia alisimama. Alikuwa na hotuba nzima. Alitaka kuwauliza ni nani aliyewalisha miaka yote, ni nani aliyewahi kuugua tumbo kwa mkono wa mume wake, na je, mtu akipungukiwa kitu kimoja ndiyo anatupwa kwenye viazi? Alikuwa amefika kwenye viazi wakati mumewe alipomshika kiganja.

"Wiki iliyopita nilitia maziwa yaliyoharibika kwenye uji," bwana alisema, akimtazama mkewe na si ofisa. "Sufuria nzima. Msaidizi ndiye aliyegundua, akaumwaga kabla watu hawajaingia. Mama, mdogo wangu amesema kweli."

Mama Pazia aliketi. Hakuna kitu kibaya kama kuwa na hasira zote hizo na kukosa mtu wa kumpa. Shemeji hakuwa na kosa, daktari hakuwa na dawa, Miwani hakuwa ameuza siki, na mumewe alikuwa ameketi kando yake amevua kofia nyeupe ya upishi na kuishika magotini, akiilainisha mikunjo kwa kidole gumba. Mama Pazia alitazama kidole kile. Alikasirika mpaka akaona mapazia yanacheza, na hasira ile haikuwa na jina la mtu.

Walitoka kwa mguu. Walipofika karibu na duka la vinywaji, bwana alipunguza mwendo, akasema waingie. Mke alisema hana hamu, na kwamba watu wa foleni bado wanamcheka. Bwana akasema yeye anaingia.

Miwani aliwaona, miwani ikarudi juu ya kichwa. Safari hii hakukimbilia stoo. Kwa kutaka kufuta ya jana, akamsogelea bwana kwa heshima zote, akamwelekeza kwenye taa na lebo za dhahabu, akamwambia mzee kama yeye ana haki ya kujipongeza. Bwana alimshukuru. Kisha akakunja suruali iliyompwaya, akapiga goti mbele ya rafu ya chini, akampisha mkewe nafasi kando yake.

"Chagua unayoipenda wewe," alimwambia. "Mimi nitakunywa baridi yake."

Miwani alicheka, akidhani ni mzaha. Mama Pazia alimtazama mpaka kicheko kikamwishia mdomoni. Akainama, akatoa chupa, akairudisha. Akatoa nyingine, akaishika karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena, lakini machozi yalikuwa yamejaa kwenye miwani ya kushonea na herufi zote zilikuwa zimeyeyuka. Mumewe akaichukua chupa mkononi mwake, akaigeuza nyuma, na akaanza kumsomea.